Jina la Rubani Mzee

Sisi tuliokulia enzi za kukodisha diski tunaijua ile hadithi ya angani kama tunavyoijua njia ya kwetu: rubani kijana, jasiri, hana mke wala mtoto, anaruka na chombo chake kutoka sayari hadi sayari akipigana na watu wabaya. Basi wenye hadithi, huko ng'ambo, wakaamua kutoa mfululizo wa katuni ambao kila kipindi kinatengenezwa na studio ndogo ya nchi tofauti, na kila studio inaisimulia upya kwa macho yake. Hakuna kipindi kinachomjua mwenzake. Rubani awepo, chombo kiwepo, mengine shauri yenu, walituambia. Kipindi kimoja kikaiangukia studio yetu hapa Kitengela, juu ya bucha, mahali ambapo unachora huku unasikia shoka likigonga mfupa.

Mimi ndiye niliyekiandika. Na kwa kuwa nimechoshwa na vijana wa kuokoa dunia, nikamfanya rubani mzee. Nikampa ng'ombe wa miguu sita, nikampa kiangazi, nikamfanya ahamishe mifugo kwa chombo chake kutoka sayari moja hadi nyingine akifuata mvua. Wenye hadithi wakapenda. Mkurugenzi wetu, msichana mdogo kuliko mimi lakini ana mdomo kuliko makanga wa matatu, akasema, "Hii sasa ndiyo yetu."

Kisha nikampa rubani jina, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Wazazi wangu walitoka Murang'a wakanunua ploti Kitengela. Kwetu jina la mzee halifi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na hivyo mzee anarudi nyumbani, anakimbia uani, anagombezwa kwa kumwaga maziwa. Lakini mimi nimeolewa na Mmaasai wa Mashuuru. Baba mkwe alifariki kabla ya mwanangu kuzaliwa. Pale hospitalini nikapendekeza jina lake, mume wangu akasema, "Tutaona," na tukaja kuona jina lingine kabisa. Niliumia, siwezi kudanganya. Nilimpenda yule mzee. Nikadhani mume wangu ameona jina la baba yake ni la kishamba, basi nikajiambia kama halitaki kwa mtoto, nitaliweka mahali dunia nzima italisikia. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini mimi nikikasirika huwa siulizi.

Kazi hizi ni za siri, unatia sahihi kwamba hata mumeo hutamwonyesha. Niliandika, nikachora michoro ya kwanza, halafu sauti zikarekodiwa Nairobi mimi nikiwa kwenye kazi nyingine, na kila kitu kikaunganishwa huko ng'ambo. Kipindi kilipotoka, kabla hata mimi mwenyewe sijakitazama, habari zikamfikia mama mkwe. Yeye huniita Paker, kwa sababu ya kondoo aliyenipa siku nilipoingia bomani kwake. Nami humwita hivyo hivyo, au Yeyo, yaani mama, nikitaka kitu. Akanipigia simu: "Paker, hiyo sinema yako tutaiona kanisani Jumapili. Nimeshaambia watu. Niko na mbuzi."

Jumamosi tukashuka Mashuuru. Mkurugenzi angetufuata kesho yake na kipindi kwenye diski, maana intaneti ya pale ni ya kubahatisha. Mchana mume wangu alikuwa amechuchumaa ananoa kisu cha mbuzi, nikaona huu ndio wakati wa kumpa zawadi yangu. Nikamwambia rubani anaitwa nani.

Kisu kikasimama juu ya jiwe.

"Sema tena," akasema. Halafu haraka, "Hapana! Usiseme tena!"

Akanieleza kwamba kwao mtu akishazikwa, jina lake limezikwa naye. Halitajwi bomani, sembuse mbele ya mjane wake. Ni watu wa kanisa, na kwaya wanaimba, lakini hilo mama yake hajaliacha na hataliacha. Nikakumbuka miaka yote niliyokuja pale: "mzee," "mwenye boma," "baba yenu." Nilidhani ni heshima tu.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Haki ya Mungu, nusura nimrushie lile jiwe. Mtu anaulizaje kitu ambacho hajui kipo?

"Na linaitwa kwa sauti?" akauliza.

"Mara nyingi."

"Kwa spika za kanisa?"

"Kwa spika."

Akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake safi. Nikampigia mkurugenzi, simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Mume wangu akasema tuwaambie watu kwamba mashine imeharibika. Nikakataa. Yeyo si mtoto wa kudanganywa, na mimi sikutaka aketi mbele ya waumini wote halafu jina la mume wake limpige usoni bila kujua linakuja. Nikaingia jikoni kwake.

"Yeyo, kwa hiyo sinema kuna jina."

"Jina gani?"

Utamwonyaje mtu kuhusu jina bila kulitaja?

"Jina ya… ya mwenye hii boma. Mimi ndio niliweka. Kwetu ni heshima, Yeyo. Sikujua."

Hakufoka. Heri angefoka. Alichota chai kwenye sufuria, akaimimina kikombeni polepole, akanipa mimi.

"Watu wameshaitwa," akasema. "Nitakaa."

Jumapili mkurugenzi akafika amejaa vumbi, wimbo wa mwisho ukiimbwa, akaenda moja kwa moja kuhangaika na waya za TV ya kanisa. Nikanyanyuka nimfuate. Yeyo akanishika mkono akaniketisha kando yake, benchi la mbele kabisa. Alikuwa amevaa shanga zake za sherehe. Mkono wake ulikuwa baridi, na mabati juu yetu yalikuwa yanawaka jua.

Kipindi kikaanza. Chombo kikatua kwenye vumbi jekundu, ng'ombe wa miguu sita wakateremka mmoja mmoja, na kanisa likapiga makofi. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba hao ng'ombe wamekonda, wangeuzwa mapema. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua kinachofuata kwa sababu nilikiandika kwa mkono wangu: mlango wa boma unafunguka, mtoto anatoka mbio akiita jina. Mlango ukafunguka, mtoto akatoka mbio. Yeyo akafumba macho.

"Babu!" mtoto akaita.

Nikangoja. Redio ya chombo ikamwita "mwenye boma." Adui wakamwita "wewe mzee." Nikainama hadi kwa mkurugenzi aliyekuwa amechuchumaa karibu na waya.

"Jina liko wapi?"

"Ai, kwani sikukuambia? Yule mzee wa kuweka sauti ni mtu wa huku. Aliuliza hilo jina ni la nani, nikamwambia ni la baba mkwe wako, marehemu. Akavua hedifoni, akasema hawezi kuita mtu aliyelala, tutafute mwingine. Tukalitoa kila mahali. Nilisahau tu kukwambia."

Alisahau! Nilitaka kumkumbatia na kumnyonga, kwa mpangilio huo. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na mume wangu kutoka upande wa wanaume akanitazama kama mtu aliyeona mkewe akirukwa na akili. Nikamtikisia kichwa. Akaelewa, akajifunika uso kwa kofia.

"Yeyo," nikamnong'oneza, "fungua macho. Wamelitoa."

Akafungua jicho moja kwanza.

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

Akashusha pumzi ndefu, na mabega yake yakashuka nayo. "Asante Yesu," akasema. "Hapa mbele ya watu ningeanguka." Nami nikahisi mwili wangu wote umelegea, kama mtu aliyetua mtungi.

Kwenye TV rubani alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wake. Akaegemea ubavu wa ng'ombe, akainua mguu mmoja, akang'oa mwiba kwenye soli ya kiatu chake cha angani, kisha akamgombeza yule ng'ombe kana kwamba yeye ndiye aliyeuweka. Kanisa likaangua kicheko. Hiyo sikuitunga. Nilimwona baba mkwe akifanya hivyo pale langoni mwaka nilioolewa, na nilipokuwa nachora, mkono wangu uliichora wenyewe.

Yeyo hakucheka. Alinikaza mkono hadi ukaniuma.

"Paker, ni yeye."

"Ndiyo, Yeyo."

"Na hakuna mtu amemtaja."

"Hakuna."

Akajipangusa uso kwa ncha ya leso, akamgeukia mkurugenzi, akamwamuru kama anavyoamuru wajukuu wake: "Wewe msichana, rudisha hapo. Bado sijamwona vizuri."