Kioo cha Mlingoti wa Kusini

Niliondoka Durban kwa sababu ardhi ya kusini kabisa mwa dunia, iliyoganda tangu zamani, imeanza kulegea, na chuo chetu kilitaka kujua uso wake una joto gani hasa. Tulichaguliwa wawili: mimi na Désiré, Mrundi niliyekua naye ghorofa moja mtaani Umbilo. Mama yake alitusindikiza hadi uwanja wa ndege.

Cape Town tulipanda meli. Baada ya siku nyingi za kutapika, bahari ilianza kujaa barafu na mazungumzo yakapungua.

Kambini tulipokewa na Annelie, mkuu wa kituo, mama wa maneno machache. Alituonyesha mlingoti kwenye miamba. Juu yake kilifungwa kipimajoto cha infraredi, kinachosoma joto la ardhi bila kuigusa. Alituonya kwamba kioo chake kikishika sakitu, ule umande ulioganda, kitasoma joto la sakitu, siyo la ardhi. Lazima mtu aende akifute.

Asubuhi moja namba zilianza kwenda ovyo. Ilikuwa zamu ya Désiré, na anga lilikuwa jeupe.

"Nafuta, narudi. Uniwekee chai," aliniambia.

Upepo ulifika kabla maji hayajachemka. Theluji ilifunika hata bendera za kuonyesha njia, na redio yake haikujibu. Nilivaa viatu, lakini Annelie alisimama mlangoni akasema hatakwenda kutafuta watu wawili.

Kesho yake, dhoruba ilipokoma, tulimkuta karibu kabisa na kibanda chetu, mahali ambapo siku ya utulivu tungemsikia akikohoa.

Nilirudi na meli ileile, naye akiwa chini, kwenye chumba cha baridi.

Umbilo, baada ya mazishi, mama yake aliniita jikoni. Hakuwa akilia.

"Alifika kwa ile mashini, ama alipotea mbele ya kufika?"

Nilimweleza nilichokiona kwenye kompyuta. Mstari wa joto ulikuwa umepinda asubuhi nzima, halafu ghafla ukarudi kwenye joto la mwamba wenyewe, kwa muda mfupi, kabla sakitu haijashika tena.

"Alifika, mama. Alikifuta kioo."

"Basi kazi aliimaliza," akasema, akageukia sufuria yake.

Bado nasoma namba kutoka kule. Zamani niliona joto tu. Sasa mstari ukinyooka ghafla, najua kuna mtu ametoka nje, na nasubiri kusikia kama amerudi.