Kofia ya Bwana Harusi

Mie kukaa bure siwezi. Mkono wangu usiposhika kofia, roho hainitulii, kama niliyeacha chungu motoni. Ndiyo maana daktari wa mazoezi aliponiambia nisishone wiki sita, nilimkodolea macho tu. Wiki sita! Harusi ya mwanangu imebaki mwezi mmoja, na kwetu bwana harusi havai kofia ya dukani ilhali mamaake ni mshona kofia. Mkokotoni kwa wakwe wangesema nini?

Picha ilionesha gegedu moja la shingo limetoka mahali pake, linabana mshipa wa fahamu unaoteremka mkono wa kushoto, ndiyo maana vidole vilianza kuingia ganzi.

"Mtanipasua?" nikauliza.

"Hapana, mama. Wengi hupoa bila ya kisu. Lakini shingo isiiname. Ukishona, kofia unaiweka wapi?"

"Gotini. Ulitaka niiweke wapi, darini?"

Alicheka, lakini hakunilegezea. Akanifundisha kurudisha kidevu nyuma, kunyoosha mabega, kujikanda kwa kitambaa cha moto. Akasema ganzi ya kidole gumba na cha shahada ikizidi, nirudi siku hiyo hiyo.

Mazoezi nilifanya, sisemi uongo. Asubuhi kidevu nyuma mara kumi, mchana kofia gotini. Jirani yangu, ambaye tumeshona pamoja barazani tangu tuko wasichana, alinisugua mabega kwa mafuta ya karafuu na kunisema mpaka akachoka.

"Shoga, nipe mie nikumalizie."

"Thubutu! Mishono yako imelegea kama suruali ya mzee."

Akaendelea kutafuna tambuu yake. Mie nnashona, nnainuka, nnakaa tena, nnahesabu siku. Kila nikiinama shingo inawaka, na vile vidole viwili vimekuwa kama si vyangu.

Ijumaa moja, viua vya kudarizi vimebaki safu mbili kofia iishe, nikaona tone jekundu juu ya kitambaa cheupe. Nilipandwa na hasira.

"We mwanamke! Tazama ulivyonitemea tambuu kwenye kofia ya mwanangu!"

Alikuwa ananitazama mkono.

"Shoga," akasema polepole, "sindano."

Sindano ilikuwa imezama kwenye kidole gumba changu cha kushoto, imesimama, na damu inachuruzika. Sikuhisi kitu. Lahaula! Niliogopa kuliko siku ya kuzaa. Mshona kofia asiyehisi sindano atashona na nini?

Jirani akaichomoa, akanifunga kidole kwa ncha ya kanga yake. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," akaniambia, kisha akalia yeye. Nikampa kofia aimalizie, tukaenda kwa daktari.

Safari hii nilitii. Daktari alinivuta shingo taratibu mara tatu kwa wiki. Nyumbani nilipanda na kushuka ngazi mikono mitupu, nikigombana na sufuria, nikigombana na paka. Jirani aliifua ile kofia kwa limau, akaimaliza.

Siku ya ndoa mwanangu alikuja kunibusu mkono kabla ya kwenda msikitini. Akainama, nikaona juu ya sikio pale mishono yangu ilipokoma na ya mwenzangu ilipoanzia. Imelegea, ndiyo. Nilimbusu palepale. Alininyanyua mkono wa kushoto, nami kwenye vile vidole viwili sikuhisi ameubana kwa nguvu kiasi gani.

Nikaendelea na kidevu nyuma, mara kumi, mara kumi. Wiki ya pili baada ya harusi nilikuwa nabana mtandio, pini ikaniteleza ikanichoma kidole gumba kilekile cha kushoto.

"Uwii!"

Jirani alikuja mbio kutoka barazani, tambuu mdomoni. "Una nini? Umeanguka?"

"Nimeumia," nikamwambia, machozi yananitoka, huku nampa kidole akitazame. "Shoga, nimeumia!"