Kukonda kwa Mama Ian

Shangazi yangu Nabwile, ambaye Chwele nzima ilimwita Mama Ian, alikuwa mnene tangu usichana. Katika familia yetu halikuwa jambo la kusemwa, mpaka mumewe Wanyonyi alipopata kazi ya ukarani katika ghala la mahindi kule Kitale. Mwaka wa 2003 alikuja nyumbani mwisho wa mwezi na maoni kuhusu mwili wa mkewe. Mwenzake kazini alikuwa anaoa, na Wanyonyi akasema ataenda harusini peke yake, asije akaulizwa kama amemleta mke au mama. Alisema hayo mezani, akila kuku aliyepikiwa na huyo huyo mnene. Mpaka leo namkasirikia.

Shangazi alimpenda, basi akaamua kukonda. Aliuza chapati na maharagwe sokoni, lakini tangu hapo hakuonja hata kipande. Ugali akauacha kabisa. Asubuhi alikunywa maji moto yenye ndimu, mchana sukuma wiki tupu, na bodaboda ya kwenda sokoni akaiacha, akawa anatembea. Nguo zikamlegea. Akazipeleka kwa fundi zipunguzwe, akawa na maringo kidogo, maskini, akimngoja mumewe.

Lakini miaka ile mtu hakukonda hivi hivi tu. Tulikuwa tumezika wengi mno kwa ukimwi. Wateja wakahamia kwa Phelista, jirani yake sokoni, na sufuria ya maharagwe ikawa inarudi nyumbani imejaa. Akina mama wa kanisa wakaja na maziwa na mayai, wakaomba kwa sauti ya chini. Shangazi akawaeleza kwamba anajinyima chakula makusudi. Walimtazama kwa huruma. Nani ajinyime chakula akiwa nacho? Waliokuwa wakiucheka unene wake zamani ndio walioomba kwa machozi zaidi, na huruma yao ilimuuma kuliko kicheko.

Akajipa moyo kwamba Baba Ian akija atawacheka wote, maana yeye ndiye aliyetaka. Siku Wanyonyi alipofika, nilikuwa jikoni nikikanda unga. Uvumi ulikuwa umeshamfikia Kitale. Alisimama mlangoni, hakuketi, wala hakusema mkewe amependeza.

"Umeanza kuugua lini?"

"Siugui, Baba Ian. Si ni wewe ulisema nipungue?"

Hakumsikia hata kidogo.

"Nisamehe, Mama Ian. Yule mama wa Kitale hakuniambia ati ni mgonjwa."

Shangazi hakulia mbele yake. Alienda kupima, akaambiwa arudi tena baada ya muda, akarudi, hakuwa na kitu. Wanyonyi alikataa kupima. Alirudi Kitale na hatukumwona tena.

Siku aliyopata jibu la mwisho, shangazi alisonga ugali mkubwa, akaketi peke yake, akala. Akaniambia, "Nimeunyima mwili wangu chakula kwa ajili ya mtu ambaye hakuunyima wake chochote." Alisema akipapasa mkono wake uliokonda, kama anayembembeleza mtoto aliyepigwa bure.

Alinenepa tena, na fundi akazipanua nguo zake. Wateja nao wakarudi kutoka kwa Phelista, wakimshukuru Mungu kwa sauti kwamba maombi yao yamemponya. Shangazi aliwapakulia maharagwe, akapokea pesa zao.