Baba Yuko Kwenye Betri

Mimi si mtu wa subira, na yeyote aliyewahi kuleta kazi kwenye duka langu la steshenari pale Kanyenye, mjini Tabora, atakuambia hivyo. Ukiniletea flashi iliyojaa virusi, nakusema kwanza ndipo naichomeka. Ndiyo maana zamani nilihamia Linux, mfumo wa kompyuta usiosumbuliwa sana na virusi: nilichoka kugombana na watu kwa ajili ya virusi vyao. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kuharibu na kusoma tena, mpaka kompyuta za dukani zikanizoea nami nikazizoea. Sikudhani kwamba ujuzi ule ningekuja kuuhitaji kwa ajili ya pumzi za baba yangu.

Baba alilima tumbaku maisha yake yote, upande wa Ulyankulu. Tumbaku ya kule hukaushwa kwa moto ndani ya nyumba ya udongo tunayoiita bani, na moto wa bani lazima uangaliwe, usizidi wala usizime. Baba aliuangalia msimu baada ya msimu, akiingia na kutoka kwenye moshi ule. Mapafu yakachoka. Daktari hakuzunguka: alisema hayatapona, ila yanaweza kusaidiwa. Nikamleta yeye na mama nyumbani kwangu, kwenye barabara ile ya zamani ya misafara inayokwenda Kwihara, na chumbani kwake tukaweka mashine ya oksijeni.

Mashine hii si mtungi. Ni sanduku lenye magurudumu linalovuta hewa ya chumbani, linaichuja, kisha linampa mgonjwa oksijeni kwa mrija wa puani. Linanguruma kutwa kucha na linakula umeme kwelikweli. Umeme ukikatika, linanyamaza. Tulikuwa pia na mtungi mdogo wa akiba, lakini koki yake ilikuwa ngumu, na vidole vya mama vimevimba kwa baridi yabisi, haviwezi kuizungusha. Aliyeweza kuufungua ni mimi, na mimi kutwa niko dukani.

Mara ya kwanza umeme ulipokatika nilirudi zangu mchana kula, sina habari. Nikamkuta mama anampepea baba kwa mfuniko wa sufuria. Midomo ya baba ilikuwa ya rangi ya majivu. Nilifungua mtungi, rangi ikamrudia polepole, kisha nikatoka nje nyuma ya jiko nikalia kwa hasira.

"Kwa nini hukunipigia simu?" nilimuuliza mama.

"Ningemwacha nani ampepee?"

Na hata angetaka kupiga, simu yake hukaa kabatini, imefungwa kwenye leso, isije ikaharibika. Loo, mama yangu!

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikatafuta betri ya akiba, ile UPS kubwa ambayo umeme ukikatika inashika kazi papo hapo bila mashine kuzima. Iliweza kumbeba baba kwa muda wa ibada fupi ya Jumapili, ibada isiyo na mahubiri. Baada ya hapo ni mtungi, na mtungi ni mimi. Kwa hiyo lilibaki jambo moja: umeme ukikatika nyumbani, mimi niliyeko Kanyenye nijue saa hiyohiyo, nirukie bodaboda nifike kabla betri haijaisha.

Betri hizi nyuma zina tundu dogo la waya ambalo watu wengi hawalitumii kamwe. Kwa waya ule betri inaweza kuieleza kompyuta hali yake: kama umeme upo, chaji imebaki kiasi gani, mzigo inaobeba ni mkubwa au mdogo. Inatakiwa programu ya kuisikiliza, na kwenye Linux ipo, ya bure. Nikachukua kompyuta kuukuu ya dukani, nikaiweka chini ya meza karibu na kitanda cha baba, nikakaa sakafuni kwenye mkeka nikaanza kazi.

Ya bure, lakini haikukubali kirahisi. Kompyuta iliiona betri vizuri, ikaitaja mpaka aina yake, lakini kila nilipoiwasha programu ilisema haina ruhusa ya kuongea nayo. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile. Nikaitukana.

"Inasemaje?" baba aliuliza kutoka kitandani. Aliongea maneno machache machache, akipumzika katikati.

"Inasema haina ruhusa."

"Betri ya kwangu. Kompyuta ya kwako. Ruhusa wanamwomba nani?"

Nilicheka, na kule kucheka ndiko kulikonipa akili. Programu ilikuwa inafanya kazi kwa jina la mtumiaji mwingine ndani ya kompyuta, mtumiaji ambaye hakuruhusiwa kugusa waya ule. Nikamruhusu, nikachomoa waya, nikauchomeka upya. Kwenye kioo zikatokea herufi mbili, OL, maana yake umeme upo. Ukikatika zingegeuka kuwa OB, maana yake tuko kwenye betri. Nikaifundisha pia adabu ya kujizima: chaji ikikaribia kuisha, ifunge mafaili yake na kujizima yenyewe, isife ghafla na kuharibika.

"Hapo sawa," baba alisema. "Kitu kijue kuaga."

Mama aliingia na uji, akatazama ile betri nyeusi, akasema inatia uchafu machoni. Aliporudi alikuwa na kitambaa chake cha kufuma, kile cha maua mekundu, akaifunika vizuri kama anavyofunika redio. Nikamwambia itakosa hewa iungue. Akakitoa shingo upande, akakiweka juu ya kompyuta. Huko nilikiacha.

Ikabaki ujumbe wa kuja kwenye simu yangu. Nilichomeka modemu yenye laini, nikaandika maneno: TAHADHARI, UMEME UMEKATIKA. Nikamsomea baba. Akatikisa kichwa.

"Umeme unawakatikia watu wote. Utaona ujumbe, utaendelea kutoa kopi. Andika, Baba yuko kwenye betri."

"Na ukirudi?"

Akafikiri. Kisha akatabasamu, meno yake yale ya mvuta kiko. "Andika, Baba amerudi."

Kilichobaki ni kujaribu, na kujaribu maana yake ni kuchomoa plagi ya betri ukutani huku baba amelala pale na mrija puani. Ningejaribu na taa, nikamwambia, au na pasi.

"Taa haipumui," alisema. "Chomoa."

Mama akatoka chumbani. Nikachomoa. Betri ikaanza kulia, pii, pii, pii, mashine ikaendelea kunguruma bila hata kukohoa, na kifua cha baba kikapanda na kushuka kama kawaida. Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Baba yuko kwenye betri. Nikachomeka. Ikatetemeka tena. Baba amerudi. Siku ile tulikula wali kwa kuku, na baba akasimulia kila aliyekuja kumjulia hali kwamba bintiye amemwekea mlinzi.

Mvua zilipoanza, mlinzi akaharibika. Ndivyo nilivyodhani. Mchana mawingu yakijikusanya, ujumbe unakuja: Baba yuko kwenye betri. Nakurupuka, naacha wateja midomo wazi, napanda bodaboda kwenye matone ya kwanza. Nafika nimelowa, na njiani simu imeshasema Baba amerudi. Umeme upo. Baba yuko salama. Mama anachambua mboga. Namuuliza jirani, anasema kwake haujakatika hata kidogo. Nikabadilisha waya. Nikafuta programu nikaiweka upya. Nikakagua plagi na ukuta. Mama ananiangalia tu, anasema "Pole mwanangu," ananipa khanga kavu.

Siku moja nilikuwa nimewahi kufunga duka, nipo njiani tayari, ngurumo ya kwanza ikapiga. Nikafika, nikaingia moja kwa moja chumbani na viatu vya matope. Kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa khanga, kisivute radi. Betri inalia pii, pii. Mama amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na plagi iko mapajani mwake, ameifunika kwa viganja vyote viwili.

Mungu anisamehe niliyoyasema. Nilimwambia anamuua mume wake. Nilisema kwa sauti ambayo binti hamsemeshi nayo mama yake, na mvua ikipiga bati ilinibidi nipaze zaidi. Mama hakuinuka. Alingoja nimalize.

"Kwetu Nzega," alisema, "radi ilipita kwenye waya wa redio. Dada yangu alikuwa ameshika redio. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo." Akatazama mrija uliotoka kwenye mashine hadi puani mwa baba. "Wewe umemfunga mume wangu kwenye waya. Ukikatika huo umeme wako, ana muda. Radi haimpi mtu muda."

Kila mtu anajua kwamba mbingu zikinguruma unachomoa vitu. Hata mimi dukani nachomoa. Nilikuwa nimeitungia kompyuta akili yote ile nikasahau jambo ambalo kila nyumba ya Tabora inalifanya. Na kusema kweli, hakuwa na kosa, maana radi huipasua mashine kama ile, na akiwa kwenye betri baba hana waya wowote wa ukutani.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza."

Baba alikuwa ametusikiliza muda wote ule. "Acheni," alisema. "Ninayepumua ni mimi. Achomoe. Taa mbili za chaji zikibaki kwenye betri, achomeke. Na wewe, ukiona wingu, jua ni mama yako. Kaa dukani."

Tukafanya hivyo. Mvua zote zile, ujumbe ukija nilitoka kizingitini, nikitazama juu. Kukiwa na wingu zito, ni mama, na baadaye kidogo Baba amerudi. Mbingu zikiwa safi, umeme umekatika kweli, narukia bodaboda. Niseme ukweli, nilikuja kuupenda ule ujumbe wa siku za mawingu. Niliwaona wote wawili, kioo kimefunikwa, mikono ya mama juu ya plagi, ngurumo zinapita juu yao.

Mvua zikaisha. Kiangazi kikaja na vumbi lake, na baba akaanza kupungua. Alikataa chakula, kisha uji, kisha hata hadithi. Muuguzi alikuja akamsikiliza kifua, akanishika bega nje mlangoni. Asubuhi moja nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa macho. Nilitaka kubaki. Mama akaniambia niende nikafungue duka, watu wana shida zao, na mlinzi yupo.

Nilikuwa natoa kopi za vyeti vya shule. Simu ikatetemeka. Baba yuko kwenye betri.

Nikatoka mlangoni. Mbingu zilikuwa nyeupe, hakuna hata wingu la dawa. Haya, umeme umekatika, nikasema, nikanyoosha mkono kuita bodaboda. Wakati nangoja nikaiuliza kompyuta ya nyumbani kwa simu hali ya betri, kama nilivyozoea, ili nijue nina muda gani. Chaji ilikuwa imejaa. Nikauliza tena baada ya kupanda, tukiwa tumeshafika mbali. Bado imejaa, haishuki. Nikatazama mstari wa mzigo. Mashine ya oksijeni ilikuwa mzigo mkubwa, siku zote tarakimu yake ilikuwa juu. Sasa ilikuwa karibu na sifuri. Betri ilikuwa inabeba kompyuta peke yake.

Nilimwambia dereva apunguze mwendo. Akauliza, "Dada, si umesema una haraka?" Nikamwambia basi tena.

Nyumbani taa ya barazani ilikuwa inawaka. Umeme ulikuwepo. Ndani, mashine imezimwa na mrija umeviringwa vizuri juu yake. Baba amefunikwa shuka safi mpaka kifuani, mikono imenyooshwa. Mama amekaa palepale pake kwenye ukingo wa kitanda, na plagi iko mapajani mwake. Kioo hakikuwa kimefunikwa.

"Mama," nilisema.

"Nilitoa simu kabatini," alisema. "Nikaishika. Mdomo ukakataa. Nikasema nimtume jirani, nikaona hapana, mwanangu asiambiwe na mtu mbele ya wateja." Akaitazama plagi. "Nikachomoa. Nilijua ukitazama juu usione wingu, utakuja."

Nilikaa kando yake. Nililia kwa sauti, kama mtoto, na yeye akanishika kichwa kwa vile vidole vyake vilivyovimba. Betri ilikuwa inaendelea, pii, pii, pii. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya uchovu, "Chomeka basi, inyamaze. Watu wanakuja."

Nikaichukua plagi mapajani mwake. Nikainama mpaka ukutani, nikafika kwenye tundu, kisha nikakumbuka ujumbe ambao ungekuja kwenye simu yangu nikiichomeka.

Sikuchomeka. Nikaiweka plagi sakafuni. Majirani waliingia, wakaanza kulia, mikeka ikatandikwa, na betri ikaendelea kulia pamoja nao bila mtu kuuliza. Ililia mchana wote, maana haikuwa na mzigo wa kuichosha. Jioni chaji ikaisha, na chini ya kitambaa cha maua mekundu kompyuta ikafunga mafaili yake, ikajizima yenyewe kama nilivyoifundisha.