Wadudu wa Malkia

Mama yangu alikwisha kufunga sanduku. Jumamosi angepanda basi arudi Buffalo kwa kaka yangu, na hakuna aliyeweza kumzuia. Sababu alitueleza bila kuficha: mjukuu wake, binti yangu, alikuwa akimjibu kwa Kiingereza, na yeye Kiingereza hakijui.

"Nimechoka kuishi na bubu," alisema.

Iliniuma sana. Tulipotoka Kongo kama wakimbizi, sisi tulipelekwa mji wa Louisville na yeye mji wa Buffalo, mbali kabisa, na miaka yote hiyo nilimwomba Mungu atuweke chini ya paa moja. Sasa tulikuwa tumehamia Whitehall, naye yuko kwangu, na alitaka kuondoka.

Wiki hiyo mwalimu alimpa binti yangu boksi la viwavi wa hariri. Darasani walikuwa wakisoma maisha ya malkia wa China ya kale, mke wa mfalme mkuu, ambaye baridi ikiisha aliwaongoza wanawake wa ikulu kuchuma majani ya mti wa mforosadi na kuwalisha viwavi hao kwa mkono wake. Binti aliliacha boksi jikoni akaenda zake.

Niliporudi kutoka kazini nilikuta mafuta yanachemka, vitunguu vimekatwa, na Mama anaimba.

"Mutoto amenikumbuka!" aliniambia, boksi mkononi. "Ameniletea badudu ya kula, kama ya kwetu!"

Kabla sijafungua mdomo, binti aliingia mbio, akimwita bibi yake kama tunavyoita kwetu.

"Koko, hapana! Si ya kula! Ni ya malkia!"

Kiswahili! Nilikuwa nimemsihi, nimemfokea, nimemnyang'anya simu, nisipate hata neno. Viwavi wakafanikiwa.

Mama alizima jiko. "Malkia gani huyo wa kufuga badudu?"

Ikabidi binti aeleze, akiokoteza maneno huku na huku. "Anaishi nyumba kubwa. Anakula vizuri. Lakini hawezi kutoka."

"Soko haendi?"

"Haendi."

"Kusalimia jirani?"

"Hapana, Koko."

Mama alitazama dirishani. Nje kulikuwa na maegesho tu, na huku kwetu asiye na gari haendi popote. "Donc, basi, huyo ni mimi," alisema.

Siku zote nilidhani namtunza.

Binti ndiye aliyemjibu. "Lakini siku ya majani anatoka."

Jumamosi nilishusha sanduku nikaliweka garini, moyo mzito. Mama hakuonekana. Nilimkuta nyuma ya majengo, kwenye mforosadi ambao majirani wote wanaulaani kwa matunda yake kuchafua magari. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, ameinamisha tawi, na binti anachuma huku akipiga soga kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika. Niliwapigia kelele kwamba basi litamwacha.

"Liende," alisema Mama bila kugeuka. "Badudu iko na njaa."