Ng'ombe Niliokuwa Nawalinda Usiku

Shule niliishia darasa la pili, lakini nyumba hii ya bati hapa Keza nimeijenga mwenyewe. Ugonjwa wa mkojo uliponianza nikaona aibu, nikamdanganya mke wangu kwamba usiku natoka kulinda ng'ombe.

Juzi daktari akanipigia simu ya video, aamue kama dawa zinatosha au nikapasuliwe. Nikajifungia chumbani, nikavaa koti. Kwa kuwa hospitali iko mbali, nikapaza sauti kweli kweli.

"Mzee, usiku unaamka kukojoa mara ngapi?"

"Mara moja tu, daktari!"

Mke wangu akadakia kutoka uani: "Daktari, andika sita! Zizi liko mbele, yeye anazunguka nyuma chooni. Tochi huwa namwekea mlangoni asijikwae."