Mchezaji Aliyekataa Kusafiri

Enzi za Mjerumani, mtu aliyemaliza shule ya jioni pale Morogoro aliheshimiwa kuliko mvua. Mimi nilimaliza. Nilisoma mpaka taa ya mafuta ikawa inanisalimia kwanza, na nikipanda kwetu Kinole watu waliniletea kila chenye herufi, hata viboksi vya kiberiti, niwasomee.

Safari moja nilipanda na kadi ya picha niliyopewa na mwenye duka mjini. Ilionyesha mtu ameketi barazani akicheza bao, kainama hata uso wote umemezwa na kofia. Nyuma yake garimoshi limesimama. Chini pameandikwa Tabora, na neno la Kijerumani nililowatafsiria kwa mbwembwe: mchezaji.

"Mchezaji gani amekaa kitako?" akauliza Mama Mkubwa, dada wa mama yangu. "Ngoma iko wapi?"

Watu wakacheka. Yeye akaichukua kadi, na hakuirudisha.

Alikuwa na sababu. Mdogo wake wa kiume, mjomba wangu, aliondoka na vibarua wa reli wakati reli yenyewe bado inahangaika Ngerengere. Habari iliyorudi ilikuwa moja tu: homa imemmaliza hukohuko kambini. Kaburi hakuna aliyeliona. Wazee wa ukoo walingoja, kisha wakaona imetosha. Matanga yakaliwe wiki ile, na jina lake apewe mtoto aliyezaliwa karibuni. Mama Mkubwa alikuwa amekubali, kwa mdomo.

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Nisomee huyu ni nani."

Nikajaribu. Nikatazama bega, nikatazama sikio, nikatoa hotuba ndefu kuliko reli. Lakini shuleni tulifundishwa herufi, si visogo.

Kadi ikazunguka kijiji kizima. Ajabu, watu wakaacha kumtazama mtu, wakawa wanatazama bao. Wapenda bao ndivyo walivyo: nyumba ikiungua, watauliza kwanza ni zamu ya nani. Walibishana mpaka nadhani milima ilisogea kidogo isikie vizuri. Mtu huyu kafungwa, walisema. Mashimo yake yote matupu, ila lile la mraba, liitwalo nyumba, limejaa kete kama kichuguu. Kete yako ya mwisho ikiangukia humo una hiari: ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzichote zote uzigawe mbele. Katika hali kama ile hata mtoto angesafiri.

Wa mwisho kuja alikuwa binamu wa Mama Mkubwa, mtani wa mjomba tangu utotoni, ambaye tayari alikuwa akinoa matusi ya kumtukana marehemu matangani, kama desturi itakavyo. Akaishika kadi mbali na macho, kisha karibu. Akayapitia mashimo kwa kidole, moja moja, mpaka kwenye nyumba.

"Huyu mjinga ni wetu," akasema. "Nimemfunga mara ngapi, kaikumbatia nyumba vilevile? Ukimwambia safiri, anakujibu nyumba haihamishwi."

Mama Mkubwa akanigeukia, akaniuliza taratibu garimoshi lilifika lini Tabora. Nikamwambia ni muda mrefu baada ya Ngerengere. Lilipita kwanza Morogoro, likakata nchi, ndipo likafika huko.

"Basi homa haikumla," akasema.

Wazee wakaguna. Mmoja akasema wajinga wa bao ni wengi, hata Tabora wapo. Mtani akamjibu kwamba yeye hamtukani mtu anayeweza kurudi kujibu. Na matanga bila mtani kwetu hayakaliki. Yakaahirishwa, na mtoto akatafutiwa jina jingine.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu aliyeona uchungu kuitoa kete moja nyumbani mwake, miguu yake mwenyewe ilimfikisha Tabora. Labda kule alikuwa akiilinda nyumba pekee aliyobakiwa nayo. Sijui, hata kadi haikusema.

Jioni ile Mama Mkubwa alifungua kibanda cha mdogo wake, akafagia, akawasha moto kufukuza mchwa. Kadi yangu aliichomeka juu ya mlango, na sikuiomba tena.